Vipandikizi vya kushikilia meno bandia

Vipandikizi vya kushikilia meno bandia ni skrubu za titani zinazokazwa ndani ya mfupa wa taya ili meno bandia ya kuvaa na kuvua yasizame wala kucheza mdomoni. Hufaa hasa kwa mtu aliyebaki na meno ya mbele lakini amepoteza magego.

Historia

Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura, alikuta vifaa vyake vya titani vimeshikamana na mfupa kiasi cha kutong'oka. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wa kwanza mjini Göteborg. Wataalamu wengi waliendelea kutilia shaka mbinu hiyo hadi mkutano wa Toronto wa 1982, ambako matokeo ya miaka mingi yalikubalika. Mwanzoni walengwa walikuwa watu wasio na jino hata moja. Waliopungukiwa meno machache walifuata.

Utendaji

Katika mpangilio wa aina za mapengo wa daktari wa meno Edward Kennedy wa 1925, daraja la kwanza ni taya lisilo na magego pande zote mbili, na la pili ni lisilo nayo upande mmoja. Hapo ndipo meno bandia ya kawaida husumbua: mbele yameshikwa na vibanio kwenye meno imara, nyuma yameketi juu ya ufizi laini. Mtu akitafuna, ufizi hubonyea kuliko jino, meno bandia hupinda, vibanio huvuta meno yaliyosalia, na mfupa ulio chini huzidi kulika. Kipandikizi kimoja kila upande wa nyuma huondoa sehemu kubwa ya adha hiyo, kwa gharama ndogo kuliko kupandikiza kila gego lililopotea.

Utaratibu

Baada ya picha ya eksirei, daktari hutoboa mfupa chini ya ganzi na kukaza skrubu. Kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu hadi sita ili mfupa ushike. Kisha hufungwa kishikizo, mara nyingi kitufe kinachonasa kwenye tundu lililo ndani ya meno bandia. Kipete cha nailoni kilichomo huchakaa na hubadilishwa.

Matatizo

Tatizo moja ni uvimbe wa ufizi unaozunguka kipandikizi, hasa kwa wavutaji sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa.

Uganda: Mbarara na Nakivale

Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1982. Kusini-magharibi mwa nchi, wakazi wa Kakoba na maeneo mengine ya jiji la Mbarara hutegemea hospitali ya rufaa ya mkoa, inayotumiwa pia kufundishia na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Vituo vyake vya afya hutoa huduma za msingi.

Nchini Uganda, jino bovu kwa kawaida hung'olewa badala ya kuzibwa. Desturi yenye madhara ya kuwang'oa watoto wachanga "meno ya plastiki", yaani vichipukizi vya chonge, huweza kuharibu hata meno ya ukubwani. Meno bandia ya akriliki ndiyo yaliyozoeleka. Vipandikizi hupatikana zaidi katika kliniki za binafsi, na mgonjwa hulipa mwenyewe.