Kazi na masomo: Njia zilizo wazi kwa kijana aliyeacha shule

KIJANA anayeacha shule kwa kukosa karo, kwa kufiwa na wazazi au kwa kupata mimba hakai bure kwa muda mrefu. Hutafuta kibarua. Huyu hubeba mchanga kwenye mjengo, yule huosha magari, naye mwingine hufua nguo za watu mtaani. Ujira huo, ingawa haba, ndio unga wa jioni nyumbani. Ndiyo maana wito wa kumtaka arejee darasani aghalabu huambulia patupu, kwani kuacha kazi ni kuwalaza nduguze njaa.

Swali la manufaa, basi, si iwapo achague kazi au masomo, bali ni jinsi gani atakavyovishika vyote viwili bila kimoja kukimeza kingine.

Tulikotoka

Suala hili si geni nchini. Mnamo 1966, Baraza la Kikristo la Kitaifa lilitoa ripoti kuhusu hatima ya watoto waliomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi katika sekondari. Kutokana nayo vilichipuka vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyofunza useremala, uashi na ushonaji karibu na nyumbani. Katiba ya 2010 iliviweka vyuo hivyo chini ya serikali za kaunti.

Karibu na wakati huo, nchini Botswana, mwalimu Patrick van Rensburg alianzisha kikosi cha vijana wajenzi mjini Serowe mwaka wa 1965. Vijana hao walijenga na kusoma, nayo mapato ya kazi yao yakagharimia mafunzo. Mpango huo ulienea, lakini ulizua mvutano: kila haja ya fedha ilipozidi, ndivyo saa za kazi zilivyotishia kula saa za masomo.

Ujerumani ilijaribu kuziba pengo hilo kwa sheria ya mwaka 1969. Huko mwanagenzi hutia saini mkataba na mwajiri, hulipwa posho kila mwezi, na kwa kawaida huenda chuoni siku moja au mbili kwa juma. Siku hizo si hisani ya mwajiri. Ni haki yake.

Njia zilizopo Kenya

Kwanza, umri. Sheria ya Ajira ya 2007 inaharamisha kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa kati ya miaka 13 na 16 huruhusiwa kazi nyepesi pekee, isiyowadhuru wala kuwazuia kuhudhuria masomo. Aidha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imefanya elimu ya msingi na ya sekondari kuwa ya lazima kwa kila mtoto. Kwa hivyo, njia zifuatazo zinawafaa zaidi waliovuka umri huo.

Uanagenzi wa mkataba: Huu husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Mwanagenzi hufanya kazi kwa mwajiri huku akifunzwa kwa utaratibu uliosajiliwa.

Mitihani ya ufundi: Aliyejifunza kazi kwa fundi wa jua kali anaweza kufanya mtihani wa NITA, kuanzia Daraja la Tatu hadi la Kwanza. Hupimwa kwa ujuzi wa mikono yake, hata kama hana cheti cha shule.

Mtahiniwa wa kibinafsi: Aliyekatiza sekondari anaweza kujisajili kufanya KCSE huku akisoma jioni au wikendi. Hata hivyo, darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya mtihani huo mwaka wa 2027. Anayenuia kuurudia asikawie kuuliza Baraza la Mitihani (KNEC).

Mambo ya kuafikiana

Katika jua kali, mara nyingi ni mwanafunzi anayemlipa fundi, wala si fundi anayemlipa mwanafunzi. Wengine hukaa miaka mingi wakitumwa chai na kushikilia spana, bila kufunzwa hatua inayofuata. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari; na muda wa kijana ni mali.

Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, yafaa mzazi, kijana na mwajiri waandike mambo manne: ujira au posho itakuwa kiasi gani, siku na saa zipi ni za masomo, ni stadi zipi zitafunzwa na kwa muda gani, na ni mtihani upi utakaofanywa mwishoni.

Jambo la pili ndilo huvunjwa kwanza, hasa kazi inapozidi. Saa ya darasa isipolindwa kwa maandishi, kijana atabaki na kibarua kilekile alichoanza nacho, ilhali wenzake wana vyeti.