Viraka vya bibi na vifungo vya pembe

Najua nimewatupa wiki nzima, mtanisamehe, ni majaribio tu yalinibana. Jumamosi nikaona nikimbie makelele ya hosteli, nikapanda gari la Uru kwenda kumsalimia bibi. Nilienda na rafiki yangu mmoja tunayesoma naye darasa moja. Sasa huko ndiko nilikopata hii stori ya leo, maana mimi mtu wa historia nikiona kitu situlii.

Jirani na kwa bibi kuna kikundi cha akina mama. Wanaokota vipande vinavyobaki kwa mafundi cherehani wa mjini, wanachanganya na mitumba iliyochakaa kutoka soko la Memorial, wanashona mifarishi ya viraka. Hakuna patani, hakuna kupima kwa futi. Mama anaweka kipande cha kitenge, anakiangalia, anaweka cha jinzi pembeni, akiona vinagombana anageuza. Ndio hivyo hivyo mpaka litoke blanketi.

Na vifungo wanatengeneza wenyewe! Wanachukua pembe za ng'ombe buchani, wanachemsha mpaka zilainike na mfupa wa ndani utoke. Halafu wanakata kwa msumeno, wanatoboa matundu mawili, wanasugua kwa msasa na kumalizia na mafuta kidogo. Harufu yake jamani, kama nywele zinaungua! Ila kifungo kikishakamilika kinang'aa, na hakuna kinachofanana na mwenzake.

Rafiki yangu akasema, "Aah, haya si mambo ya wazungu? Wamefundishwa na watalii hawa." Nikamuuliza bibi kwa nini yeye hayumo kwenye kikundi. Akanijibu bila kuniangalia, "Mjukuu wangu, viraka nimevaa kwa shida. Leo nivishone kwa raha?" Akaenda zake jikoni.

Basi niliporudi chuo nikakaa na maswali yote mawili. Ni ya wazungu kweli? Na bibi anakimbia nini?

Tuanze na la kwanza. Karne ya 19 wanawake wa pwani, Unguja na Mombasa, walikuwa wananunua leso za kichwa zilizochapishwa maua. Ziliuzwa zikiwa zimeungana kwenye jora. Inaelezwa kwamba walikata leso sita, tatu huku na tatu huku, wakaunganisha kwa sindano likawa vazi moja kubwa. Wengine walichanganya leso za aina tofauti ili jirani asiwe na kama yake. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuagiza kitambaa kilichochapishwa kizima kizima. Hiyo ndiyo kanga tunayoijua. Kwa hiyo kanga yenyewe, ukiifuatilia, ilianza kama vipande vilivyoungwa na wanawake wasio na patani.

Huku mlimani nguo ilipanda na misafara. Wazee wetu walivaa ngozi, halafu ikaja merikani. Hii ilitoka kweli Marekani, kwa wafanyabiashara wa Salem waliokuwa wanakuja Unguja. Nguo ilikuwa kama fedha. Mmisionari Johannes Rebmann, yule aliyeona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, aliporudi Machame mwaka 1849 Mangi Mamkinga alimmalizia mali zake, nguo zikiwemo, mpaka safari yake ya kwenda bara zaidi ikafia hapo hapo. Usicheze na Wachagga!

Sasa angalia hili. Pamba ya merikani ililimwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani, ndiyo maana vita vyao vya 1861 hadi 1865 vilipozuka merikani iliadimika huku, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Na huko Alabama, kwenye kijiji cha Gee's Bend, wajukuu wa watumwa hao wa mashamba ya pamba walikuwa wanashona mablanketi kwa suruali za kazi zilizochakaa, bila patani, kama hawa wa Uru. Mwaka 2002 kazi zao zilioneshwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, watu wakashangaa. Nikamwambia rafiki yangu, kama kuna aliyefundishwa basi mwalimu ni uhaba. Akanyamaza, teh teh.

Swali la pili ni gumu zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Sisi wa Kilimanjaro Kenya tunaiona kwa macho, hebu fikiria. Ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Viwanda kama Urafiki, kilichofunguliwa 1968, vilikosa vipuri na malighafi. Madukani hakuna sabuni, hakuna kanga. Watu wakapita njia za panya kwenda Taveta. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, hata kuwa na bidhaa kidogo ilikuwa hofu. Biashara ililegezwa kuanzia 1984, ndipo mitumba ikafurika.

Vitabu vyetu vinaandika "uhaba wa bidhaa muhimu", mstari mmoja. Bibi kwake ni suruali ya babu yenye viraka juu ya viraka, na kwenda nayo kanisani.

Jumapili hii nilipanda tena, peke yangu. Nikamsimulia bibi habari za leso na wale akina mama wa Alabama. Alisikiliza tu. Baadaye akaingia chumbani akatoka na kopo la Kimbo, lile la kule Kenya, limeshika kutu. Ndani vifungo vitupu. Kila nguo ilipokufa alivikata akavihifadhi. Katikati yake kulikuwa na vitatu vya pembe, vimekatwa ovyo, tundu limekaa upande. "Hivi babu yako alichonga, vya dukani vilipokosekana. Nilimwonea aibu kuvishona."

Akanipa kimoja. Viwili akasema atawapelekea wale akina mama wakaone kwamba matundu yao bado madogo mno, uzi utakatika.

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha, na nikipewa mada ya biashara ya masafa marefu, sitaanza na ramani. Nitaweka kifungo mezani, niwaulize wanafunzi kimetoka wapi. Halafu wakawaulize bibi zao.

Na wewe unayesoma, kwenu kuna kopo gani chini ya kitanda? Uliza mapema.