UZI: Kitenzi kimoja kilichomwokoa tajiri wa ngano, na kwa nini kinatuhusu

1/ Mjadala wa siasa ukipamba moto, hakosi mtu wa kusema: "Tupitishe sheria, wenye pesa nyingi watangaze wanachomiliki." Mwingine anamrukia: "Mtafukuza wawekezaji!" Makofi, kelele, kipindi kimeisha. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na hoja hizi mbili nimezikuta Chicago, miaka kama 100 iliyopita. Nipeni dakika tano.

2/ Kwanza tuelewane. Kule Marekani, ukiwa mkubwa wa kutosha sokoni, lazima wewe au dalali wako mjaze fomu: nimeshika hiki, kiasi hiki, tarehe hii. Sababu ni rahisi. Mtu akinunua magunia mawili ya mahindi, hakuna kinachobadilika. Akinunua mavuno ya kaunti nzima kimyakimya, bei yako ya unga itapanda na hutajua nani ameipandisha.

3/ Mambo yalianza na nafaka, sio hisa. Chicago ilikuwa soko kubwa la mikataba ya ngano: leo mnakubaliana bei ya ngano itakayokabidhiwa miezi ijayo. Wengi waliokuwa wakicheza humo hawakuwa na shamba wala kinu. Wakulima wakalalamika kwamba matajiri wachache wanachezea bei. Bunge likapitisha sheria 1921, Mahakama ya Juu ikaiangusha 1922. Mwaka huohuo Bunge likaandika nyingine, na hii ikasimama.

4/ Chini ya sheria hiyo, wizara ya kilimo ikaanza kudai ripoti: mfanyabiashara akipita kiwango fulani, mikataba yake ijulikane kila siku. Wenye soko wakapiga kelele: mnatisha wanunuzi wakubwa, atakayeumia ni mkulima. Unaisikia hiyo sauti? Februari 1927 waziri akakubali, akasimamisha ripoti. Ilipofika Novemba mwaka huohuo, wizara ileile ikazirudisha. Kwa hivyo "mtafukuza wawekezaji" ilishapewa nafasi. Ilidumu miezi minane.

5/ Sasa aje Arthur Cutten. Alizaliwa Kanada, akahamia Chicago, na kufikia miaka ya 1920 alikuwa kati ya wachezaji wakubwa kabisa wa ngano. Mwaka 1934 serikali ikamshtaki: kwamba 1930 na 1931 alishirikiana na madalali kuficha ukubwa wa mikataba yake, na ripoti zikawa za uongo. Februari 1935 tume husika ikaamua afungiwe nje ya masoko ya nafaka kwa miaka 2.

6/ Jamaa akaenda mahakamani. Hapo hakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba ripoti zilikuwa za kweli. Upande wake ulisema hivi: sheria inaruhusu kumfungia mtu "anayevunja" sheria. Haisemi "aliyevunja". Makosa mnayodai ni ya 1930 na 1931, yalishapita kabla hamjaleta mashtaka. Mei 1936 Mahakama ya Juu ikakubaliana naye.

7/ Soma tena polepole. Ni ile tofauti ya -na- na -li- tuliyofundishwa shule ya msingi. Hukumu iliandikwa na Jaji Louis Brandeis, mtu aliyekuwa amejijengea jina kwa kutetea uwazi katika biashara ya pesa. Mimi simlaumu. Jaji husoma kilichoandikwa. Waliolala kazini ni walioandika sheria ambayo mtu akidanganya na kunyamaza hadi mwaka uishe, ameponyoka.

8/ Juni 1936, mwezi mmoja tu baadaye, sheria mpya ya masoko ya bidhaa ikatiwa saini, na safari hii ikamgusa pia aliyevunja sheria zamani. Cutten alifariki mwezi huohuo. Kwa hivyo tangu sheria ya 1922 hadi pengo hilo kuzibwa ilikuwa miaka 14. Fomu zilikuwepo. Meno ndiyo hayakuwepo.

9/ Upande wa hisa, ilichukua muda zaidi. Soko lilianguka 1929, na 1934 ikaundwa tume ya kusimamia masoko ya hisa, SEC. Lakini bado mtu angeweza kununua kampuni kidogokidogo gizani, wenye hisa wengine washtukie mambo yameisha. Mwaka 1968 ikaja Sheria ya Williams: ukifika asilimia 10, jitangaze ndani ya siku 10. Mwaka 1970 kiwango kikashushwa hadi asilimia 5. Muda wenyewe haukufupishwa hadi 2023, ukawa siku 5 za kazi.

10/ Mwaka 1975 Bunge likageukia taasisi kubwa zinazosimamia pesa za watu: mifuko, benki, kampuni za bima. Anayesimamia hisa za kuanzia dola milioni 100 anaziorodhesha kila robo mwaka, na ana siku 45 za kuwasilisha. Orodha hiyo mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Ila kumbuka, siku 45 sokoni ni nyingi. Unachosoma leo, mwenyewe huenda alishakiuza.

11/ Mei 6, 2010, soko la Marekani lilitumbukia ndani ya dakika chache, kipimo cha Dow kikapoteza karibu pointi 1,000, kisha kikapanda tena. Nani aliuza? Wasimamizi walihitaji miezi kupanga picha nzima. Mwaka 2011 ikaja kanuni ya wafanyabiashara wakubwa: ukifikisha hisa milioni 2 au dola milioni 20 kwa siku, ujisajili na upewe namba. Fomu hii haiwekwi hadharani. Inasomwa na wasimamizi tu.

12/ Mnadhani basi mapengo yameisha? Mwaka 2021 kampuni moja ya kusimamia mali ya familia, Archegos, ilianguka. Badala ya kununua hisa moja kwa moja, iliingia mikataba na benki: hisa zinakaa kwa jina la benki, faida na hasara ni za Archegos. Kwenye fomu za umma haikuonekana. Kila benki iliona kipande chake tu. Ilipoporomoka, benki kwa jumla zilipoteza zaidi ya dola bilioni 10. Mwanzilishi wake alipatikana na hatia ya ulaghai 2024.

13/ Wanaopinga nao tuwasikilize, sio wote ni wezi. Ukitangaza kila hatua ya mnunuzi siku ileile, wengine watamwiga au watamtangulia, na pesa zinazoumia zinaweza kuwa za pensheni ya mwalimu. Ndiyo maana kuna siku 45, na ndiyo maana fomu nyingine zinabaki kwa msimamizi peke yake. Hiyo ni hoja ya kupanga muda na msomaji. Haitoshi kuwa hoja ya kuacha kujaza.

14/ Turudi nyumbani. Sheria ya maadili ya 2003 iliwataka maafisa wa umma wajaze tamko la mapato, mali na madeni. Tangu 2020 kanuni zinataka kampuni zimtaje mmiliki halisi, kuanzia mwenye asilimia 10. Fomu tunazo. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani kuahidi "uwazi", au kuupinga, msimpigie makofi kwanza. Muulizeni:

a) Nani anajaza, kuanzia kiasi gani? Mwenye asilimia 9 je?
b) Ndani ya siku ngapi?
c) Nani anaisoma: umma, msimamizi, au kabati?
d) Hisa zikiwa kwa jina la benki, wakili au shemeji, fomu itamfikia mwenyewe?
e) Akidanganya leo tukagundua baada ya miaka mitano, sheria inasemaje?

15/ Swali la mwisho ndilo hukwepwa zaidi, na ndilo lililomwachilia Cutten. Mswada wowote wa aina hii ukiletwa, mimi nitaanza na kifungu cha adhabu, niangalie kama kimeandikwa "anayevunja" peke yake. Nawe ukikisoma kabla yangu, weka picha ya ukurasa huo hapa chini tukisome pamoja.