Konsonanti za Kpandroma na Safari ya Herufi Zake

Jina la Kpandroma, mji wa biashara katika eneo la Djugu mkoani Ituri, kaskazini mwa Bunia, huanza na sauti kp. Katika kutamka kp midomo hufungwa huku nyuma ya ulimi ikigusa kaakaa laini, na vizuizi hivyo viwili huachiliwa karibu kwa pamoja. Kwa hiyo ni konsonanti moja, na anayepenyeza irabu katikati akasema "Kipandroma" hujulikana papo hapo kuwa mgeni.

Kilendu, lugha ya eneo hilo ambayo wenyewe huiita Bbaledha, kimo katika tawi la Kisudani cha Kati, na utajiri wake hasa umo katika vipasuo vya kuvuta hewa ndani, yaani sauti ambazo kongomeo hushuka kabla midomo au ulimi haujaachia, hewa ikaingia badala ya kutoka. Mswahili wa pwani huzitamka bila kujua anaposema "baba" au "dada". Kilendu, hata hivyo, hakikuishia hapo, kwani kimeelezwa kuwa na vipasuo vya namna hiyo visivyo ghuna, yaani visivyotikisa nyuzi sauti, jambo lililo nadra mno duniani.

Herufi ziliandama sauti hizo kwa kusuasua. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika ya London ilipendekeza mwaka 1927 herufi zenye kikonyo, ɓ na ɗ, kwa aina ile iliyo ghuna. Lakini jina Bbaledha lenyewe huandikwa kwa kurudia b, njia isiyodai mashine maalumu ya kuchapa. Zile zisizo ghuna zilipewa alama katika Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa mwaka 1989, zikaondolewa mwaka 1993, uamuzi ambao, kwa mtazamo wa Ituri, ulikuwa wa haraka: mwaka 1994 Constance Kutsch Lojenga alichapisha sarufi ya Kingiti, ndugu wa Kilendu upande wa kusini, yenye sauti hizohizo, na mwaka 1995 Didier Demolin akachapisha uchunguzi wa kifonetiki wa konsonanti za Kilendu zinazohusisha kongomeo.