Umiliki wa Kumbukumbu ya Kazi ya Pamoja: Chimbuko la Zana ya Git, 1972–2005

Git ni zana ndogo ya amri inayohifadhi historia ya mabadiliko katika hazina za msimbo wa programu za kompyuta. Masimulizi mengi kuhusu chimbuko lake humtukuza mtu mmoja, Linus Torvalds, na siku chache za Aprili 2005. Insha hii inatoa hoja tofauti: Git ilizaliwa na mgogoro wa umiliki wa kumbukumbu, na mizizi ya mgogoro huo imo katika zana zilizoitangulia.

Miongoni mwa zana hizo, ya awali ni SCCS, iliyoandikwa na Marc Rochkind katika Maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1972. Mnamo 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue aliwasilisha RCS, iliyohifadhi toleo jipya kwa ukamilifu na kuyapata ya zamani kwa kufuata tofauti kinyumenyume. Zana zote mbili zilishughulikia faili moja moja, na kwa kawaida aliyetaka kuihariri faili aliifunga ili wengine wasiibadilishe. Utaratibu huo ulimkwaza Dick Grune wa Vrije Universiteit, Amsterdam, ambaye pamoja na wanafunzi wake wawili alikuwa akiandika programu ya kutafsiri lugha ya C, kila mmoja kwa saa zake. Hati za amri alizozitoa mwaka 1986 juu ya msingi wa RCS ndizo zilizozaa CVS, iliyoruhusu watu kadhaa kuhariri faili moja na kuunganisha kazi zao baadaye. Hata hivyo, historia yote ilikaa mahali pamoja. Mwenye seva ndiye aliyekuwa mwenye kumbukumbu.

Tatizo hilo lilijitokeza wazi katika mradi wa Linux. Kuanzia 2002, Torvalds alitumia BitKeeper, zana ya kampuni ya BitMover. Kila mshiriki alipata nakala yake ya hazina, lakini leseni ya bure iliwazuia watumiaji kushiriki katika kuunda zana shindani. Mwaka 2005, baada ya Andrew Tridgell kuandika programu ya kusoma data za seva za BitKeeper, kampuni iliondoa ruhusa ya matumizi ya bure. Jamii iliyojivunia msimbo huria ikajikuta haina zana ya kuendelezea kumbukumbu yake yenyewe.

Torvalds alianza kuandika Git tarehe 3 Aprili 2005. Tarehe 7 Aprili zana hiyo ilikuwa tayari ikihifadhi msimbo wake yenyewe. Kila kitu kinachohifadhiwa hupewa jina la tarakimu na herufi 40 linalokokotolewa kutokana na maudhui yake, na kila ingizo hubeba jina la ingizo lililotangulia. Hivyo, anayebadilisha rekodi ya kale hubadilisha majina yote yanayofuata, na udanganyifu hudhihirika. Aidha, nakala kamili ya hazina hubeba historia yote. Mnamo Julai 2005 usimamizi wa Git ulikabidhiwa kwa Junio Hamano.

Ushahidi kwamba chanzo kikuu kilikuwa mgogoro, wala si kipaji cha mtu mmoja, ni Mercurial: zana nyingine yenye muundo unaokaribiana na wa Git, iliyoanzishwa mwezi huohuo kwa sababu hiyohiyo.

Hata hivyo, ufumbuzi huo ulikuwa na mpaka. Git ililinda historia ya faili, lakini haikugusa mijadala inayoeleza kwa nini faili zilibadilishwa. Mijadala hiyo ilihamia kwa wingi kwenye huduma kama GitHub, iliyozinduliwa 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018. Kwa hiyo, swali la umiliki lililoibuka mwaka 2005 lilijibiwa nusu tu: msimbo ulirudi mikononi mwa walioutunga, ilhali sehemu kubwa ya hoja zilizouzaa imebaki katika seva za wengine.