Jina Geni, Kosa Liko Wapi?

Mtoto kazaliwa, siku ya saba yafika, babake ataja jina ambalo mtaa mzima hakuna aliye nalo. Wazee waguna: ati jina gani hilo, si la kwetu!

Hebu turudi Makka, mnamo mwaka 570 hivi. Abdul-Muttalib alimwita mjukuu wake yatima Muhammad. Maquraishi wakamuuliza, mbona ameyaacha majina ya mababu? Na Yahya je? Surat Maryam yatueleza kuwa kabla yake hakuna aliyepewa jina hilo. Basi ugeni pekee si aibu.

Alichokiangalia Mtume (S.A.W.) ni maana. Kuna mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila. (Asiya mke wa Firauni ni jina jengine, kwa Kiarabu herufi zake ni tofauti.) Akaja Hazn, yaani ardhi ngumu ya mawe. Mtume akamwambia awe Sahl, mwepesi. Bwana yule akakataa: jina nililopewa na babangu silibadilishi. Mjukuu wake, Said bin Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisimulia kuwa ugumu ule haukuwatoka tena katika ukoo wao.

Na kwetu pwani? Yuko Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858. Kupona si jina la Kiarabu, wala wazee wake Waislamu hawakulionea haya. Na maana yake, kila mzazi aliyewahi kukesha akiuguza mtoto anaijua.