Habari za Popobawa na Mafundisho Yake

Katika kitabu hiki cha jubilei zimo habari nyingi za furaha. Lakini twaona si vema kuiacha habari moja ya hofu, kwa kuwa watoto hutuuliza shuleni, na mwalimu asipojibu, watajibiwa na wengine.

Jina lake ni Popobawa, yaani popo na bawa, kwa sababu watu walisema ya kuwa kivuli chake usiku ni kama bawa la popo. Husimuliwa kwamba alisikiwa kwanza Pemba mwaka 1965, nyuma ya mapinduzi ya 1964. Baadaye akatajwa tena na tena, ila hofu iliyo kubwa ilikuja mwaka 1995. Ilianza Pemba upande wa kusini, katika mwezi wa Ramadhani, ikaenea kisiwani, ikavuka bahari hata Unguja, na mwisho ikafika Dar es Salaam.

Walisema huingia nyumbani usiku, humlemea mtu kitandani, humkaba asiweze kulia, naye humtenda mambo ya aibu ambayo hatutayaandika humu. Tena ilisemwa ya kuwa aliyetendwa akinyamaza atarudiwa. Kwa hiyo watu walitangaza habari zao, na kila habari ikazaa nyingine. Wakaacha vyumba vyao, wakalala nje makundi makundi, wakiwasha moto na kukesha. Wala hofu hiyo haikuuliza dini ya mtu.

Mwaka ule watu walikuwa wakingojea uchaguzi wa vyama vingi, uliofanyika mwezi wa Oktoba, nao walitiliana shaka sana. Wengine wakasema Popobawa ametumwa kwa ajili ya siasa. Hofu ikishaungana na shaka, hutafuta mtu wa kumshika. Ndivyo ilivyokuwa Unguja: mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, kundi la watu likamwua. Hakuwa na bawa, wala hakumlemea mtu. Alikuwa mgonjwa aliyestahili kuhurumiwa.

Je, waliolemewa walisema uongo? Hatuthubutu kunena hivyo. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, wakaliita jinamizi. Nao waganga wa hospitali hueleza ya kuwa pengine akili ya mtu huamka na mwili ungali katika usingizi. Hawezi kuinua mkono wala kupaza sauti, huona uzito kifuani, na huhisi kana kwamba yuko mtu karibu naye. Kisha huzindukana, na yote hupita. Basi mtu aliyelala akiwa amejaa masimulizi ya Popobawa, akipatwa na jinamizi, atasema amemwona nani?

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu na wakristo wote: mtu akija kwenu asubuhi akitetemeka, msimcheke, wala msiipeleke habari yake sokoni. Mketini naye, mwombe pamoja naye, na mkamweleze jinamizi ni nini. Na likitokea kundi la watu wanaomfukuza mgeni au mwenye wazimu, wakipiga kelele ya kwamba ndiye, simameni mbele yake. Popobawa alitajwa tena mwaka 2007, na huenda akatajwa tena. Yule mgonjwa wa Unguja hakupata wa kusimama mbele yake. Atakayefuata na asikose.